Mkopeshaji Asiyeulizwa

Bajeti inaposomwa na bei ya mkate, mafuta ya kupikia au nauli ikatajwa kupanda, mjadala wa Afrika Mashariki huishia mahali pamoja. Mmoja akilitaja Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) au Benki ya Dunia, mwenzake humkatisha: acheni kuwasingizia watu wa nje, hela zimeliwa hapahapa. Maneno hayo yamegeuka kuwa alama ya mtu aliyekomaa kisiasa. Yanatoka kwa wahariri, kwa wahadhiri wa uchumi, kwa vijana wa mitandaoni waliochoshwa na viongozi wao, na hata kwa wazee wanaokumbuka foleni za sukari za miaka ya 1980 na hawataki kusikia tena hotuba za ubeberu.

Msimamo huo ukielezwa kwa haki una ngazi kadhaa. IMF haiji bila kuitwa. Huitwa nchi inapoishiwa fedha za kigeni, na nchi huishiwa kwa sababu ya wizi na matumizi mabaya. Wanaokuja ni mabingwa wa hesabu wasio na chama wala kabila. Dawa yao ni chungu, lakini huponya. Riba yao iko chini kuliko ya soko. Hakuna waziri aliyelazimishwa kutia saini. Na juu ya yote, anayewapinga aseme fedha zitatoka wapi.

Wenye msimamo huo hawakuuokota barabarani. Wakenya waliiona kashfa ya Goldenberg, ambamo Hazina ililipa mabilioni ya shilingi kwa mauzo ya dhahabu na almasi ambayo hayakuwapo. Watanzania waliona shilingi bilioni 133 zikichotwa katika akaunti ya malipo ya madeni ya nje, EPA, ndani ya Benki Kuu. Hasira dhidi ya wezi hao ni halali, na hakuna neno lolote hapa chini linalowatetea. Kosa linaanza pale hasira hiyo inapogeuzwa kuwa cheti cha usafi kwa aliyewakopesha.

Hoja ya kwanza: Wezi ni wa hapahapa

Anayeamini kwamba wizi wa viongozi unamwondolea mkopeshaji lawama aanze na Kinshasa. Mwaka 1978 IMF ilimpeleka Erwin Blumenthal, mtaalamu wa benki kutoka Ujerumani, akakae ndani ya Benki Kuu ya Zaire na kuzisimamia hesabu zake. Alichokikuta kilimtosha kuondoka mwaka uliofuata: fedha za taifa na za familia ya Mobutu Sese Seko hazikuwa na mpaka, na waliotaka malipo walikuja na askari. Mwaka 1982 aliandika ripoti akaeleza bila kuficha kwamba wakopeshaji wa Zaire wasitarajie kurudishiwa fedha zao, kwa sababu rushwa ndiyo iliyokuwa mfumo wenyewe wa utawala.

Ripoti ilisomwa. Agosti 1983 Mobutu akapokewa Ikulu ya Marekani na Rais Ronald Reagan, na kabla ya mwaka huo kwisha IMF ikaidhinisha mkopo mwingine kwa Zaire. Mobutu alikuwa mshirika wa Marekani dhidi ya Wasovieti, na Angola, iliyokuwa upande wa Wasovieti, ilikuwa mpakani mwake. Mwaka 1987 David Finch, mmoja wa wakurugenzi wakubwa wa IMF, alijiuzulu akilalamikia shinikizo la kisiasa la kukopesha Zaire na Misri bila kujali vigezo vya shirika lenyewe. Kwa hiyo mkopeshaji alijua. Aliambiwa na mtu wake mwenyewe, kwa maandishi, kisha akaendelea kutoa.

Nani alilipa? Mobutu alikufa uhamishoni Morocco mwaka 1997. Deni lilibaki Kinshasa, Bukavu, Lubumbashi na Kisangani, kwa watu waliokuwa wakikimbia vita. Juni 2002 Ubelgiji, Ufaransa, Afrika Kusini na Sweden ziliipa Kongo, jina jipya la Zaire, mkopo wa muda ili ilipe malimbikizo yake kwa IMF. IMF ikapokea, kisha ikaikopesha Kongo upya ili iwarudishie hao waliotoa mkopo wa muda. Nchi iliyokuwa bado vitani ilifungua daftari jipya la deni kwa ajili ya kufunga la Mobutu. Msamaha mkubwa, wa dola bilioni 12.3, ulikuja mwaka 2010, miaka 28 baada ya Blumenthal kuandika yale aliyoyaandika. Mtoto aliyezaliwa mwaka wa ripoti hiyo alikuwa tayari ni mzazi.

Zaire haikuwa ajali. Oktoba 1982 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliitaka IMF isiikopeshe Afrika Kusini ya makaburu. Novemba, wiki chache tu baadaye, bodi ya IMF ikaidhinisha zaidi ya dola bilioni 1. Serikali iliyokuwa ikiwafungia watu weusi nje ya sanduku la kura ilionekana inakopesheka.

Na mfano wa karibu zaidi unaivunja hoja hii kutoka upande ambao wasemaji wake hawakuutarajia. Aprili 2021, IMF ilipoidhinisha mpango wa dola bilioni 2.34 kwa Kenya, Wakenya zaidi ya 200,000 walitia saini ombi la kulitaka shirika hilo lisiikopeshe serikali yao. Walisema wazi: fedha zitaibwa na sisi ndio tutakaolipa. Yaani raia walitoa hoja ileile ya kwamba wezi ni wa hapahapa, wakaipeleka kwa mkopeshaji kabla hajamaliza kutoa fedha. Mkopo ukaendelea kutoka. Anayeonywa na mhasiriwa mtarajiwa kisha akampa mwizi fedha hawezi baadaye kusimama kando akisema jambo hilo ni la ndani ya nchi.

Hoja ya pili: Ni wataalamu, hawana siasa

IMF na Benki ya Dunia zilizaliwa Julai 1944 huko Bretton Woods, jimbo la New Hampshire, katika mkutano wa mataifa 44. Tanganyika, Kenya, Uganda na Kongo hazikuwa na kiti. Zilikuwa mali ya watu wengine waliokuwa na viti. Hata miongoni mwa waliokaa mezani palikuwa na ubishi wa maana. John Maynard Keynes wa Uingereza alipendekeza utaratibu ambao ungewabana wote wawili: nchi inayonunua nje kupita uwezo wake, na nchi inayouza mno na kulundika fedha bila kununua. Harry Dexter White wa Marekani, nchi iliyokuwa na malundo hayo, alikataa, na aliyekuwa na dhahabu akashinda. Tangu siku hiyo anayejirekebisha ni mwenye upungufu peke yake. Huo ulikuwa uamuzi wa kisiasa, na umo katika kila mpango uliowahi kuletwa Afrika.

Kura zinaonyesha hivyohivyo. Katika IMF nchi hazipigi kura sawa. Nguvu hufuata mchango. Marekani ina takribani asilimia 16.5 ya kura, na maamuzi makubwa zaidi yanahitaji asilimia 85, kwa hiyo nchi moja inaweza kuzuia lolote kati ya hayo. Mwaka 2010 wanachama walikubaliana kupunguza kidogo uzito wa Ulaya na kuuongeza wa nchi zinazokua. Makubaliano yalikaa hadi Desemba 2015 yakisubiri Bunge la Marekani. Kusini mwa Sahara, zaidi ya nchi 40 ziligawana wakurugenzi wawili hadi Novemba 2024, alipoongezwa wa tatu katika bodi ya watu 25. Mkuu wa IMF amekuwa Mzungu wa Ulaya tangu mwanzo. Rais wa Benki ya Dunia amekuwa mteule wa Marekani. Ngozi Okonjo-Iweala wa Nigeria, aliyewahi kuwa mkurugenzi mtendaji wa Benki hiyo na waziri wa fedha wa nchi yake, aligombea mwaka 2012 akashindwa na mteule wa Washington. Klabu au saccos yoyote inayoendeshwa kwa kanuni hizi ingefutiwa usajili.

Utaalamu wenyewe huinama anapokuja mkubwa. Kanuni ya IMF ilikuwa kwamba nchi haipewi mkopo mkubwa kupita kiwango cha kawaida ila deni lake likionekana kulipika kwa uhakika mkubwa. Mei 2010 deni la Ugiriki halikuonekana hivyo, lakini benki za Ufaransa na Ujerumani zilikuwa zimeikopesha nchi hiyo mabilioni. Kanuni ikabadilishwa siku hizohizo, ukaongezwa mlango wa dharura kwa nchi ambayo kuanguka kwake kungetikisa wengine. Fedha zikapita Athens zikiwafikia wenye benki. Mishahara na pensheni za Wagiriki zikakatwa. Mwaka 2013 IMF ilikiri katika tathmini yake yenyewe kwamba mpango huo ulikuwa na makosa makubwa na kwamba makadirio ya uchumi yalikuwa ya matumaini mno. Mlango wa dharura ulifungwa Januari 2016, baada ya waliohitaji kupita kupita.

Mwaka 2018 ilifuata Argentina, iliyoahidiwa dola bilioni 57, kiasi ambacho shirika hilo halikuwahi kumwahidi mtu. Takribani bilioni 44 zilitolewa. Rais Mauricio Macri, kipenzi cha Washington, alikuwa akielekea kwenye uchaguzi wa 2019, akaushindwa. Tathmini ya IMF ya 2021 ilikubali kwamba mpango haukufikia malengo yake. Waargentina bado wanalipa.

Hoja ya tatu: Dawa chungu huponya

Hapa ndipo msimamo unaopingwa unapopata wafuasi wengi, na ndipo ushahidi ulipo mwingi dhidi yake. Daktari anayempa mgonjwa sumu kwa bahati mbaya hufikishwa mahakamani au hunyang'anywa leseni. Huyu wa Washington huandika ripoti ya kujikosoa miaka kumi baadaye, kisha hurudi kwa mgonjwa yuleyule na cheti kipya.

Desemba 1989 Kenya, ikiwa ndani ya mageuzi yaliyodaiwa na wakopeshaji, ilianza kutoza ada katika hospitali za serikali. Katika kliniki ya magonjwa ya zinaa ya Nairobi, watafiti walihesabu wagonjwa kabla na baada. Idadi ya wanaume waliokuja kila mwezi ilishuka hadi asilimia 40 ya ilivyokuwa; ya wanawake hadi asilimia 65. Hii ilikuwa miaka ambayo ukimwi ulikuwa ukisambaa kando ya barabara kuu kutoka Mombasa hadi Kampala, na magonjwa ya zinaa yasiyotibiwa hurahisisha maambukizi ya virusi vyake. Serikali ilisitisha ada hizo Septemba 1990. Miezi tisa. Hakuna aliyehesabu walioambukizwa katika miezi hiyo, na hakuna aliyewahi kuitwa kujibu.

Tanzania ilikuwa na mlango wake wa kuingilia. Baada ya vita vya Kagera, kupanda kwa bei ya mafuta na kushuka kwa bei ya kahawa, nchi iliishiwa. Mwaka 1979 Edwin Mtei, waziri wa fedha, alikuwa tayari kukubali masharti ya IMF, ikiwemo kushusha thamani ya shilingi. Mwalimu Nyerere akakataa, Mtei akajiuzulu. Siku ya kwanza ya 1980 Nyerere aliwauliza mabalozi waliokuja kumtakia heri ya mwaka mpya ni nani aliyeipa IMF kazi ya kuwa wizara ya fedha ya dunia nzima. Wapinzani wake wana haki ya kusema kwamba miaka iliyofuata ilikuwa ya maduka matupu. Wana haki pia ya kusema kwamba shule zilikuwa zimeanza kudidimia kabla mkataba na IMF haujasainiwa. Wasichoweza kusema ni kwamba mkataba wa 1986 uliziinua. Dola iliyokuwa takribani shilingi 17 mwanzoni mwa mwaka huo ilifika 40 katikati yake, na karibu 200 kufikia 1990, huku wazazi wakiambiwa wachangie gharama za elimu na matibabu. Watoto waliobaki nyumbani walirudi shuleni karne mpya ilipoanza, baada ya serikali kufuta ada za shule za msingi mwaka 2001, ambapo madarasa yalifurika kiasi kwamba wengine walikaa chini ya miti. Kizazi kizima kilikuwa kimeshapita umri wa kusoma.

Msumbiji kuna hesabu iliyo wazi zaidi, kwa sababu ilipigwa na wachumi waliofuata fedha hadi kwa mkulima. Katikati ya miaka ya 1990 Benki ya Dunia iliishurutisha nchi hiyo, iliyotoka vitani juzijuzi, ipunguze kodi ya kusafirisha korosho ghafi. Hoja ilikuwa kwamba kodi hiyo inamnyonya mkulima ili kuvilinda viwanda visivyo na tija. Korosho zikaenda India kubanguliwa. Viwanda vikubwa vikafungwa, na maelfu ya wafanyakazi, wengi wao wanawake, wakakosa kazi. Margaret McMillan, Dani Rodrik na Karen Horn Welch walipokokotoa faida ya mkulima waliona haizidi dola 5.30 kwa mwaka kwa kaya ya kawaida yenye mikorosho. Mkulima wa Mtwara au Lindi ajiulize bei hiyo inanunua nini, na ajiulize kwa nini korosho zake nazo kwa miaka mingi zimepakiwa ghafi melini.

Hata msaada uliotolewa kwa nia njema ulizuiwa mlangoni. Ofisi huru ya tathmini ya IMF iliripoti mwaka 2007 kwamba katika mipango ya kusini mwa Sahara kati ya 1999 na 2005, ni takribani robo tu ya kila dola ya ziada ya msaada iliyopangwa itumike. Kilichobaki kiliwekwa akiba au kikaenda kwenye madeni. Kenya wakati huo ilikuwa na wauguzi waliosomeshwa wasio na ajira na wodi zisizo na wauguzi, kwa sababu bajeti ya mishahara ilikuwa na kikomo.

Hoja ya nne: Ni mkopo wa bei nafuu

Riba ya IMF kwa nchi maskini ni ndogo; hilo ni kweli, na Kenya, iliyouza hati fungani Februari 2024 kwa gharama inayozidi asilimia 10, inajua bei ya soko. Lakini bei ya mkopo haiishii kwenye riba.

Nchi isiyo katika kundi la maskini kabisa ikikopa sana na kwa muda mrefu, IMF huitoza tozo za ziada juu ya riba. Anayezama zaidi ndiye anayelipa zaidi. Shirika lilizitetea tozo hizo kwa miaka mingi, kisha Oktoba 2024 likazipunguza pamoja na gharama nyingine kwa jumla ya takribani dola bilioni 1.2 kwa mwaka. Fedha hizo zote zilikuwa zikitoka kwa nchi zenye shida.

Linganisha na Agosti 2021, wakati wa korona, IMF ilipogawa akiba mpya ya dola bilioni 650 bila masharti. Afrika nzima, yenye watu zaidi ya bilioni moja, ilipata kama bilioni 33, kwa kuwa mgawo ulifuata uzito wa kila nchi katika shirika. Fedha zisizo na masharti zilikwenda kwa matajiri wasiozihitaji. Zenye masharti zikabaki kwa waliozihitaji.

Gharama kubwa kuliko zote imefichwa kwenye foleni ya malipo. Nchi ikifilisika, wenye hati fungani hukatwa, serikali zilizokopesha huongeza muda, na wananchi wenyewe hupunjwa: Ghana mwaka 2023 wastaafu waliandamana mbele ya wizara ya fedha jijini Accra, akiwemo aliyekuwa jaji mkuu Sophia Akuffo, wakipinga akiba zao za uzeeni kuguswa. IMF na Benki ya Dunia haziguswi, hulipwa kwanza. Zambia iliacha kulipa Novemba 2020 na ilihangaika hadi 2024 kupatana na wakopeshaji binafsi, na muda wote huo mashirika hayo mawili ndiyo yaliyokuwa yakipima deni lipi linalipika, hali deni lao halikuwa mezani. Watetezi watataja misamaha ya 1996 na 2005. Ilikuja, ndiyo, baada ya miaka mingi ya kusukumwa na makanisa, wanaharakati na wabunge wa dunia nzima, ikiwa imefungwa kwa masharti mapya, na sehemu kubwa ya gharama yake ililipwa na serikali wafadhili.

Hoja ya tano: Waziri alitia saini mwenyewe

Alitia. Swali ni nani alikuwapo chumbani.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Tanzania ikiomba msamaha wa madeni, kukabidhi maji ya Dar es Salaam kwa mwendeshaji binafsi kulikuwa miongoni mwa hatua zilizodaiwa na wakopeshaji. Agosti 2003 City Water, kampuni iliyoongozwa na Biwater ya Uingereza na Gauff ya Ujerumani, ilianza kazi kwa mkataba wa miaka kumi. Haikufika miwili. Mei 2005 waziri wa maji, Edward Lowassa, alitangaza kuuvunja, kwa kuwa makusanyo yalikuwa yameshuka na mabomba yaliyoahidiwa hayakuonekana. Biwater ikaishitaki Tanzania katika kituo cha usuluhishi cha ICSID, ambacho ni sehemu ya Kundi la Benki ya Dunia. Mwaka 2008 wasuluhishi waliona Tanzania ilivunja mkataba wa kulinda uwekezaji, lakini hawakuamuru fidia hata senti moja. Sera ilitoka kwa Benki, mradi ulikopeshwa na Benki, na kesi ikasikilizwa chini ya paa la Benki. Wananchi wa Dar es Salaam walibaki na madumu yao na deni lao.

Mfano wa Ruaha ni wa karibuni zaidi. Mwaka 2017 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 150 kwa mradi wa REGROW wa kukuza utalii kusini mwa Tanzania. Wafugaji na wakulima wanaopakana na hifadhi ya Ruaha walilalamika juu ya kuondolewa, kukamatwa kwa mifugo na ukatili wa askari wa hifadhi. Jopo la ukaguzi la Benki yenyewe lilikuta makosa makubwa ya usimamizi. Aprili 2024 malipo yakasitishwa, Novemba mradi ukafutwa. Kilichokwishatolewa, hata hivyo, ni mkopo. Atakayeulipa ni Mtanzania, akiwemo aliyepoteza ng'ombe.

Kisha Kenya, Juni 2024. Muswada wa fedha ulilenga kukusanya shilingi bilioni 346 za ziada. Ulipendekeza kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16 kwa mkate na ushuru wa asilimia 25 kwa mafuta ya kupikia, kabla ya baadhi ya vipengele kuondolewa chini ya shinikizo. Tarehe 11 Juni maofisa wa IMF walitangaza kwamba wameafikiana na serikali juu ya tathmini ya mpango ule wa 2021, ambao kuongeza makusanyo ya kodi ndiko kulikuwa uti wa mgongo wake. Tarehe 25 Juni vijana waliingia bungeni, na polisi wakapiga risasi. Kesho yake Rais William Ruto akakataa kuutia saini muswada huo. IMF ikatoa taarifa ya kusikitishwa. Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ya Kenya ilikuja kuhesabu watu 60 waliouawa katika maandamano ya miezi hiyo. Mabango yaliyobebwa Nairobi yaliitaja IMF kwa jina. Vijana hao walikuwa wameelewa jambo ambalo wahariri wengi hawajalielewa: muswada ulikuwa na waandishi wawili, na ni mmoja tu anayeweza kung'olewa kwa kura.

Katiba za Kenya na Tanzania zote zinaliweka deni la taifa juu ya Mfuko Mkuu wa Hazina, yaani hulipwa kabla mwalimu hajalipwa. Kitu chenye kipaumbele hicho kilipaswa kupita kwenye mjadala mrefu kuliko sheria yoyote. Badala yake, wabunge huletewa kodi zilizokwisha ahidiwa kwingine, wakapewa siku chache za kuzibariki.

Hoja ya sita: Bila wao fedha zitatoka wapi?

Swali hili huulizwa kana kwamba linafunga mjadala. Lijibiwe kwa dhahabu ya Geita na Bulyanhulu.

Miaka ya 1990, wakati uleule Watanzania wakilipia kadi ya hospitali kwa jina la kuchangia gharama, Benki ya Dunia ilikuwa ikiishauri na kuigharimia serikali yao kuandika upya sera na sheria za madini ili kuvutia wawekezaji. Sheria ya 1998 iliweka mrabaha wa dhahabu kuwa asilimia 3, pamoja na unafuu wa kodi ulioziruhusu kampuni kukata gharama zote za mtaji mara moja, hata baadhi zikapita miaka mingi bila kulipa kodi ya mapato. Mgodi wa Geita ulianza mwaka 2000, wa Bulyanhulu mwaka 2001, na bei ya dhahabu ikapanda mfululizo kwa muongo mzima. Kamati ya Jaji Mark Bomani ililieleza tatizo hilo mwaka 2008. Mrabaha ukapandishwa hadi asilimia 4 mwaka 2010, na 6 mwaka 2017. Hakuna mgodi mkubwa uliobebwa ukahamishiwa nchi nyingine.

Kwa hiyo fedha zilikuwapo, chini ya ardhi ya Kanda ya Ziwa, na ushauri uliozipitisha pembeni ya Hazina ulitoka katika taasisi ileile iliyokuja kuikopesha Hazina hiyo kwa kuwa ilikuwa tupu. Hasara ya miaka ile kumi na miwili ya asilimia 3 haimo katika deni la Benki ya Dunia. Imo katika deni la Tanzania.

Madai yanayotokana na haya yote yanaweza kuandikwa leo na bunge lolote la ukanda huu. Barua ya makusudio ambayo waziri huipelekea IMF, yenye kodi na makato anayoahidi, iletwe bungeni kabla haijatumwa, na isiyopita isihesabike kuwa ahadi ya taifa. Mradi ambao jopo la ukaguzi la mkopeshaji mwenyewe limeukuta na makosa, sehemu ya mkopo wake iwe hasara ya mkopeshaji. Nchi ikifilisika, IMF na Benki ya Dunia zikae katika foleni moja na wastaafu wa Accra. Na mkopo uliotolewa baada ya onyo la maandishi kwamba utaibwa, kama ule wa Kinshasa, uhesabiwe kuwa deni la aliyeutoa na aliyeuiba.